Nina B+ ya uhasibu wa fedha, na nimemfanya mtu asiye na kosa aitwe mwizi

Wakuu, jambo hili limenikaa rohoni tangu mwezi wa tisa, leo nalitoa. Nasoma diploma ya uhasibu, mwaka wa pili, chuo sikitaji. Somo ninalolilalamikia ni uhasibu wa fedha, misingi yenyewe: jarida (miamala inapoandikwa kwanza), leja (kila akaunti na ukurasa wake), urari (orodha ya salio zote, debiti upande mmoja na krediti upande mwingine), taarifa ya faida na hasara, mizania (mali, madeni na mtaji). Semista ya kwanza nilipata B, ya pili B+. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniambia nalia kwa sababu nimekamatwa sapu, yaani kurudia mtihani. Sijawahi kukamatwa sapu. Nimefaulu kila walichonipa, na ndiyo maana nina hasira.

Shangazi yangu ana duka Kahama, la vyakula, sabuni na vinywaji. Anauza taslimu, na wateja wake wa siku nyingi anawaandika mkopo kwenye daftari. Dukani anakaa kijana mmoja, huu ni mwaka wa tatu yuko naye. Likizo nilipofika, hata maji sijamaliza kunywa, shangazi akaniwekea mezani daftari mbili na bahasha ya kaki imejaa risiti. "Wewe ndiye mhasibu wetu. Nifungie hesabu za mwezi wa nane, maana pesa siioni." Alianza mwezi akiwa na 2,150,000, ukijumlisha droo na simu. Alimaliza na 450,000. Yaani 1,700,000 hazionekani.

Nikakesha. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua, mistari nimeipiga kwa rula. Nikaingiza kwenye jarida, nikapeleka kwenye leja, nikatoa urari. Pande mbili zikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Nikaandaa taarifa ya faida na hasara, jibu likaja hasara ya 700,000.

Shangazi aliniuliza mara moja tu, "Una uhakika?" Nikamjibu, "Shangazi, urari umebalansi."

Asubuhi yake yule kijana akaambiwa aache funguo.

Siku ya nne akaja mzee jirani kuchukua sukari. Huyu mzee aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, miaka hiyo hesabu zote ni kalamu na karatasi. Shangazi akamsimulia yaliyotokea, naye akaomba aone daftari. Nikamwamkia, nikampisha kiti. Hakuomba kikokotoo. Alishusha kidole kwenye orodha ya manunuzi, akasimama kwenye mstari wa 1,200,000.

"Hii ni nini, mjukuu wangu?"

"Friji ya vinywaji, mzee."

"Kwani hapa mnauza friji?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Nawawekea hesabu yenyewe ili anayefundisha somo hili aione kwa macho yake. Mauzo ya mwezi yalikuwa 6,400,000. Bidhaa zilizokuwepo mwanzo wa mwezi 2,300,000, zilizonunuliwa 5,000,000, zilizobaki mwisho 2,000,000. Kwa hiyo bidhaa zilizouzwa zilimgharimu 5,300,000, na faida ghafi ni 1,100,000. Ukitoa kodi ya pango 200,000, umeme 90,000, mshahara 180,000 na kupelekea wateja mizigo 130,000, inabaki 500,000. Mimi niliisukumia friji kwenye manunuzi kwa sababu imenunuliwa, na nilichofundishwa ni kwamba kilichonunuliwa ni manunuzi. Manunuzi yakawa 6,200,000, faida ikageuka hasara. Kumbe manunuzi ni bidhaa za kuuza tu. Friji ni mali, itakaa dukani miaka. Ukiipa miaka 5, mwezi wa nane unabeba uchakavu, yaani sehemu yake ya bei ya friji, wa 20,000 tu. Duka lilipata faida ya 480,000.

Na ile 1,700,000? Mzee aliitafuta kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Katika mauzo yale, 1,300,000 ilikuwa mkopo, iko kwenye daftari la wadaiwa na wala haijafika kwenye droo. Taslimu iliyoingia ni 5,100,000. Iliyotoka ni 5,000,000 ya bidhaa, 1,200,000 ya friji na 600,000 ya matumizi, jumla 6,800,000. Toa hapo. Ni 1,700,000 kamili, hakuna hata mia iliyopotea. Hakuna aliyeiba chochote.

Faida ni kitu kimoja na pesa mkononi ni kitu kingine. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara yeyote atakuja kumuuliza mhasibu: mbona unasema nimepata faida na mfuko mtupu? Semista mbili hakuna aliyetukalisha chini akatuambia. Tuliambiwa msamiati wake, kwamba mapato huhesabiwa yanapopatikana na si yanapolipwa, tukaandika, tukakariri, tukapewa alama.

Sasa sikilizeni linaloniuma kuliko yote. Kwenye mtihani wa semista ya kwanza kulikuwa na swali: taja makosa sita yasiyoonekana kwenye urari. Niliyataja yote. Muamala ulioachwa kabisa, uliopelekwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, ulioingizwa kwenye kundi lisilo lake, tarakimu iliyokosewa tangu mwanzo pande zote mbili, makosa mawili yanayofidiana, debiti na krediti zilizogeuzwa. Sita kwa sita. Hilo la tatu, la kundi lisilo lake, ndilo nililolifanya Kahama, na mfano uliokuwa kwenye desa, yaani notisi za somo, ulikuwa huohuo: mashine iliyoandikwa kama manunuzi! Nilikuwa naujua mstari kwa moyo na sikuutambua ulipokaa mbele yangu na risiti yake. Kisha nikamwambia shangazi urari umebalansi, kana kwamba huo ni ushahidi. Urari unathibitisha tu kwamba jumla za pande mbili zinalingana. Haujui friji ni nini.

Niwaeleze tunavyofundishwa. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, darasa limejaa mpaka madirishani, akaandika ubaoni: debiti kushoto, krediti kulia. Akasema, "Hili haliulizwi kwa nini, hili linakaririwa." Maneno yake hasa. Wiki ya tatu nikanyoosha mkono nikauliza kitu ambacho naamini kila mwanafunzi wa uhasibu amewahi kujiuliza. Benki ikiniingizia pesa, taarifa yao inaandika krediti. Lakini darasani tunaambiwa pesa ikiongezeka ni debiti. Nani amekosea? Darasa likacheka. Mwalimu akasema nisichanganye mambo ya benki na mambo ya somo, akafungua ukurasa mwingine.

Hakuna aliyekosea. Taarifa ya benki ni leja ya benki, si leja yangu. Pesa niliyoweka kwao ni deni lao kwangu, na deni likiongezeka linakaa upande wa krediti. Kwangu mimi pesa hiyohiyo ni mali, inakaa debiti. Sentensi nne. Hazifiki hata dakika mbili. Mtu akizielewa, nusu ya giza la somo hili inaondoka, kwa sababu anaanza kuona kwamba kila daftari lina mwenyewe, na kila muamala una watu wawili wanaoutazama kutoka pande zao.

Mzee wa Kahama alinieleza hivi, na sijasikia maelezo bora kuliko haya. Kila kitu kikitokea dukani jiulize mara mbili: thamani hii imeenda kukaa wapi, na imetoka wapi. Ilikokwenda ni debiti, iwe mali uliyonayo au matumizi yaliyokwisha kuliwa. Ilikotoka ni krediti, iwe mtaji wa mwenye duka, deni la mtu, mauzo, au mali nyingine iliyopungua. Friji imekaa wapi? Kwenye mali. Imetoka wapi? Kwenye taslimu. Basi. Alinipa miamala kumi na tano mdomoni, huku anakunywa chai, nikakosa miwili.

Halafu kuna lugha. Kiswahili kinayo maneno haya tangu zamani: mdai, mdaiwa, stakabadhi, ankara, mtaji, mizania. Muuza duka wa Kariakoo anayatumia bila kwenda chuo. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ila darasani ukimuuliza mwalimu kwa Kiswahili unaambiwa mtihani hauji kwa Kiswahili, na ukiuliza kwa Kiingereza unaishia kuuliza swali dogo kuliko lile ulilokuwa nalo. Matokeo yake tunakariri "carriage inwards" na "carriage outwards", tunajua moja linakwenda juu ya taarifa ya faida na hasara na lingine chini, na wenzangu wengi hawajui kuwa ni nauli ya kawaida kabisa: ukilipa gari likuletee mzigo dukani, hiyo ni sehemu ya gharama ya bidhaa, ukilipa bodaboda impelekee mteja, hayo ni matumizi ya kuuza. Nani asiyelielewa hilo akiambiwa hivyo?

Desa lenyewe tunauziwa stesheneri shilingi 5,000, na asiyenunua jina lake linajulikana. Mazoezi yamo kwa paundi. Paundi! Tuko Tanzania, mwaka wa pili, na sijawahi kupewa zoezi hata moja lenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kiwango chake cha kawaida huku bara ni asilimia 18. Duka lililosajiliwa likiuza kitu cha 100,000, mteja analipa 118,000, na ile 18,000 si mapato ya duka hata kidogo. Ni deni ambalo duka linadaiwa na TRA, mamlaka ya mapato, mpaka siku ya kuwasilisha. Nimelijua hili kwa kumuuliza mtu anayefanya kazi, kwenye daladala.

Tena majina. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 1, kinachosema taarifa za fedha ziandaliwe vipi, kilifanyiwa marekebisho mwaka 2007, na kuanzia 2009 mizania ikaanza kuitwa taarifa ya hali ya kifedha. Kiwango hakilazimishi jina hilo, la zamani bado linakubalika. Sawa. Lakini mwenzangu alitumia jina jipya kwenye testi akakatwa alama, kwa kuwa "halimo kwenye desa". Na IAS 1 yenyewe inaondoka, kiwango kipya cha IFRS 18 kinachukua nafasi yake kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2027, na sehemu kubwa ya mabadiliko iko kwenye hiyohiyo taarifa ya faida na hasara tunayoikariri. Mimi na wenzangu ndio tutakaokutana nayo kazini. Hakuna aliyetutajia hata kwa bahati mbaya.

Najua mtakuja na maneno ya "chuo kinakupa msingi, mengine utajifunza kazini". Naomba mniambie, kutofautisha friji na soda siyo msingi? Kujua faida si pesa taslimu siyo msingi? Mimi sililii somo gumu la mahesabu ya makampuni makubwa. Naulilia msingi wenyewe. Na anayesema tujisomee, tunajisomea. Tatizo ni kwamba mtihani unamlipa aliyekariri maswali ya miaka iliyopita, maana swali linarudi lilelile, wamebadilisha tarakimu. Aliyekaa usiku akijaribu kuelewa anapata C, aliyekariri mpangilio anapata A, na mwajiri anawaona wote wawili kwenye karatasi.

Kuna mwalimu msaidizi mmoja alijaribu. Alituletea kitabu cha risiti cha kweli, tukafanya wiki mbili, darasa likaanza kuchangamka. Akaambiwa anachelewesha mtaala.

Yule kijana alirudishwa kazini. Shangazi alimwomba radhi mbele ya watu na kumlipa siku zake zote. Mimi nilikwenda kwao jioni, nikamkuta amekaa nje na mama yake. Nilimweleza kosa lilikuwa langu, tena kosa la mstari mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa huko chuoni ulikuwa unafanya nini?" Mama yake akanyanyuka, akaingia ndani.

Swali hilo nilimpelekea mkuu wa idara kwa barua, na hesabu ya friji nikaiambatanisha. Ni wiki ya sita sasa. CR wetu, mwakilishi wa darasa, anasema nisiendelee kulifuatilia kabla matokeo hayajatoka.

Kesho napandisha hapa kwenye uzi huu kurasa za daftari la shangazi, mwezi wa nane mzima, majina ya wateja nimeyafuta na yeye mwenyewe ameridhia. Wa mwaka wa kwanza wa chuo chochote, chukueni, jaribuni kufunga mwezi, leteni majibu tuyajadili. Faida ikitoka tofauti na 480,000, au taslimu ikikataa kufika 450,000, tutatafuta wote mstari uliokosewa. Na mwalimu yeyote wa somo hili aliyemo humu, naomba aingie aniambie ni ukurasa upi hapo usioweza kufundishwa wiki ya kwanza.