Sarafu za Kirusi za marehemu babu: nitajuaje ipi halali na ipi feki?

MwanaMakorora
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, Makorora. Babu mzaa mama alikuwa kuli bandarini enzi za mkonge, mabaharia walikuwa wakimwachia vitu vidogo vidogo, sasa alivyofariki tumekuta kopo la maziwa ya unga lina sarafu, nyingi ni senti za Mwingereza na heller za Mjerumani, hizo tunazijua, ila tatu ni za Kirusi na ndo zinaninyima usingizi. Ya kwanza nyeupe ina kichwa cha mtu mwenye ndevu, 1898. Ya pili vichwa viwili, 1913. Ya tatu ni dude la shaba zito kweli kweli, 1787, lina tai mwenye vichwa viwili. Kuna mtu kanipigia anataka zote kwa laki moja, anasema nisicheleweshe. Ile ya 1898 nshaisugua kwa ndimu na majivu upande mmoja ikang'aa, nyingine sijazigusa. Nauliza tu, zitakuwa za kweli? Sitaki kumuuzia mtu feki wala sitaki kutoa mali ya babu bure.

Sonara_Ngamiani
Mwanangu pole kwa msiba, na kwanza ACHA kusugua. Pili usimuuzie mtu anayekuharakisha.

Mi nimekaa kwenye meza ya usonara miaka mingi, nikuambie ninavyofanya. Hiyo ya 1898 ni rubli ya Nikolai wa pili, mfalme wa Urusi, halali yake ni gramu 20 na upana kama milimita 33.65, fedha yake ni 900 kwa 1000. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya kusoma pointi mbili. Iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo, 19.7 hivi sishangai, ila ukiona 17 au 18 basi hapo kuna jambo. Sumaku nayo ijaribu, fedha haivutwi na shaba haivutwi, ikivutwa weka pembeni hata usiendelee.

Halafu geuza uangalie ubavu, watu wengi wanatazama uso wanasahau ubavu, na mwenye kughushi mara nyingi anachokea hapo. Rubli ya kweli ina maandishi yaliyozama pembeni kuzunguka, yanasema fedha safi zolotnik 4 na dolya 21, hivyo ni vipimo vyao vya zamani, ukivipiga hesabu ni gramu 18 za fedha tupu ndani ya zile 20. Mwishoni utaona herufi mbili za msimamizi wa kiwanda ndani ya mabano. Kama badala yake kuna nyota moja ilipigwa Paris, nyota mbili Brussels, usiogope ukaona ni feki, Urusi ilikuwa inapeleka kazi nje miaka ile. Ila ukiona mstari mwembamba umezunguka ubavu kama mshono, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa muhuri. Ya kalibu uso wake unakuwa kama sabuni iliyotumika, herufi hazina makali, na ukiweka lenzi unaona vitundu vitundu vya hewa.

Kipimo cha mwisho ni maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi uizamishe ikining'inia isiguse chini wala pembeni. Rubli ya fedha mizani itasoma kama 1.94. Ikisoma 2.3 hivi ni shaba nyeupe au brasi iliyopakwa fedha, hata kama uzito wake ni gramu 20 kamili.

BintPangani
Namuunga mkono mzee hapo kwenye kusugua, kaka usirudie tena. Mama yangu alikuwa na reale ya Maria Theresa ya kuvaa shingoni, aliisugua kila Idi kwa majivu miaka na miaka, nilivyomwonyesha mnunuzi akaniambia uso umelika, mikwaruzo imeenda upande mmoja yote, thamani yake imebaki ya fedha ya kuyeyusha tu. Niliumia sana maana yeye alikuwa anaitunza kwa mapenzi. Ule weusi wa fedha sio uchafu, ndo umri wake wenyewe.

Na usiweke kwenye vile vimfuko vya plastiki laini, joto letu hili la pwani vinatoa utelezi wa kijani unaokula sarafu. Karatasi kavu inatosha, na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vya kunyonya unyevu weka humo humo.

Mkusanya_Bagamoyo
Hiyo ya 1913, nayo ni rubli ya fedha, ndo uiangalie kwa makini zaidi kuliko zote. Ilitolewa kuadhimisha miaka 300 ya ukoo wa Romanov, Nikolai na Mikhail yule wa kwanza wa 1613, na kwa vile inapendwa imeghushiwa mno. Tena angalia juu ya vichwa kama iliwahi kuwekwa kikuku cha kuning'inizia, sarafu za huku kwetu nyingi zimekuwa vidani, tundu linazibwa kwa lehemu halafu linapakwa, ukiinamisha kwenye mwanga wa jua wa pembeni utaona doa la rangi tofauti na herufi za pale zimechongwa upya kwa mkono. Tundu sio ufeki lakini linashusha bei sana, na kuficha tundu ni udanganyifu.

Dude la shaba ni kopeki 5 (kopeki 100 ndo rubli moja) za Katerina wa pili, malkia wa Urusi, inatakiwa iwe kama gramu 51, maana walikuwa wanatoa rubli 16 kwenye pud moja ya shaba ambayo ni kilo 16.38, lakini shaba ya enzi zile haikupimwa moja moja hivyo 48 au 54 ni kawaida. Sasa kwa kuwa yako ni 1787 tazama mataji ya tai. Gustav wa tatu wa Sweden alipopigana na Urusi 1788 alighushi kopeki hizi kwenye kiwanda cha Avesta, zingine zina mwaka huo huo 1787. Taji la Urusi limegawanyika katikati kama nusu mbili za chungwa, la Avesta ni taji la kifalme la Kiswidi. Ukiipata hiyo feki usiitupe, wakusanyaji wanaitafuta kuliko halali yake!

MwanaMakorora
Wakuu asanteni sana. Leo nimeenda kwa sonara barabara ya nane. Ya 1898 gramu 19.87, maji 1.93, ubavuni nyota mbili, kumbe Brussels!! Upande niliosugua una mikwaruzo kweli, roho inauma. Shaba gramu 50.4, mataji ni ya chungwa, ya Katerina mwenyewe. Ya 1913 ni gramu 17.2, sumaku imeinyanyua. Nimeifunga kwenye karatasi yake nikaandika FEKI kwa kalamu, nairudisha kwenye kopo la babu. Yule wa laki moja kapiga tena, nimemwambia siuzi.