Naomba ushauri: lebo za mvinyo wa Port wa 1963 zimechakaa, nizichapishe upya?

Mlezi wa Bristol: Wakuu, habari za wakati huu. Mzee niliyemhudumia nyumbani kwake hapa Bristol kwa miaka sita alifariki mwaka jana, na katika wosia akaniachia sanduku la mbao lenye chupa 12 za Port, ule mvinyo mtamu wa Ureno, za kampuni ya Dow za mwaka 1963. Lebo zimeliwa na unyevu, nyingine zimebaki vipande vya ukubwa wa kucha. Nataka kuziuza mnadani ili nimalizie nyumba ya mama kule Korogwe. Anayejua aniambie ni karatasi gani inayofanana na ile ya zamani, maana bila lebo sidhani kama kuna atakayezitazama.

Binti Mwera: Pole na msiba, dada. Sisi tulikuwa na kasha la bibi, lile la Kizanzibari lenye njumu za shaba, tukalipaka vanishi ili lipendeze. Mnunuzi alikuja, akalipapasa mara moja, akaaga. Usiguse kitu.

Abu Salma: Mimi nauliza jambo jingine. Je, fedha ya pombe itaijengea nyumba ya mama yako baraka? Ningekuwa wewe ningewarudishia watoto wa marehemu.

Kuli wa Gaia: Nina miaka minne katika ghala la mvinyo Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto Douro ukitokea Porto. Chupa nyingi za umri huo hazikuwahi kubandikwa karatasi. Nyingine ziliandikwa kwa rangi nyeupe tu, kwa kuwa utambulisho wake uko kwenye lakiri ya shingoni, yaani nta inayofunika mdomo wa chupa, na kwenye kizibo, ambavyo hupigwa chapa ya jina la kampuni na mwaka. Tazama pia ubavuni kama kuna doa la chokaa. Doa hilo lilionyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, ili ikihamishwa ilazwe vilevile na mashapo yasitibuke. Je, lipo kwenye chupa zote 12?

Mlezi wa Bristol: Lipo kwenye nane.

Kuli wa Gaia: Na zile nne?

Mlezi wa Bristol: Nne niliziosha kwa sabuni kabla sijaandika hapa. Zilikuwa na ukungu unaonuka, nami sikulelewa kumpa mtu chombo kichafu. Vilevile mchapaji ameshapokea malipo ya awali ya lebo 12. Sioni kosa, kwa sababu nitaandika maneno yaleyale yaliyokuwepo.

Nahodha Mstaafu: Hadithi hii imetungwa. Picha ya sanduku uliyoweka inaonyesha ubao wenye jina la mfanyabiashara wa Bristol. Mvinyo wa Ureno ujazwe kwenye chupa Uingereza? Na aliyeosha nne aliachaje nane?

Kuli wa Gaia: Hilo la Bristol ni sahihi, mzee wangu. Mvinyo mwingi wa 1963 ulisafirishwa kwa mapipa, na wafanyabiashara wa Bristol na London wakaujaza kwenye chupa wenyewe. Ni kuanzia mavuno ya 1975 ndipo ilipolazimu Port ya aina hii ijazwe Ureno. Kwa hiyo sanduku hilo ni ushahidi, dada, na lebo mpya itauharibu hata kama maneno yake ni ya kweli, kwa kuwa mnunuzi akigundua karatasi ni ya juzi ataitilia shaka na lakiri.

Mlezi wa Bristol: Niliacha nane kwa sababu ya nne ilinishtua. Nilipoisugua shingo, kipande cha lakiri kilidondoka kwenye beseni kikiwa na herufi mbili, D na O, na nimekihifadhi ndani ya kibiriti. Mchapaji anasema lebo zitakuwa tayari Ijumaa.

Kuli wa Gaia: Kibiriti hicho kiende mnadani pamoja na chupa yake, na uwaeleze wazi kwamba nne umeziosha. Lebo usizifuate.

Mlezi wa Bristol: Nimeshalipa nusu, ndugu yangu. Nitazichukua, angalau nizione.