Kikundi cha wahumanisti mtaani: tushirikije mambo ya umma bila kuficha tulivyo?

Swali kutoka kwa Katibu wa Nakuru

Wenzangu, hamjambo. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wahumanisti wasiofuata dini yoyote hapa Nakuru. Tuko watu ishirini na kidogo: walimu, wauguzi, wauzaji wa sokoni, vijana wa chuo na wazee wachache waliostaafu. Hukutana Jumapili moja kila mwezi, tukasoma, tukajadili, tukala chakula ambacho kila mmoja amechangia, kisha tukaagana hadi mwezi unaofuata. Kwa wengi wetu saa hizo ni za thamani kubwa, kwa kuwa ndizo pekee ambazo mtu huweza kusema anavyofikiri bila kuhofia kwamba kesho jirani atazipeleka habari kwa mama yake.

Siku hizi vijana wameanza kuuliza swali ambalo sisi wakubwa hatuwezi tena kulikwepa. Tunasema kwamba maisha haya ndiyo tuliyo nayo, na kwamba jukumu la kuyaboresha ni la wanadamu wenyewe. Basi mbona hatuonekani kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, kwenye uchangiaji wa damu, wala wakazi wanapozungumzia jaa la Gioto? Upande wa pili wako wanachama wenye familia za kidini sana, nao wana hofu. Wanakumbuka kwamba mwaka 2016 jumuiya ya Atheists in Kenya ilisajiliwa mwezi Februari na kusimamishwa mwezi Aprili, kabla ya kuruhusiwa kuendelea baadaye. Wanasema tukijitokeza kwa jina letu tutafungiwa milango, na tukijitokeza bila jina tutakuwa tumewadanganya majirani.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Kikundi kama chetu kianzie wapi ili mchango wake uwe na uzito, usiishie kwenye kupigwa picha na mafagio? Na tufanyeje katika vikao vinavyofunguliwa na kufungwa kwa sala, tena mara nyingi ndani ya kanisa kwa sababu wadi haina ukumbi mwingine, ambamo anayekaa kimya huonekana ana kiburi na anayelalamika huonekana mchokozi?

Jibu la 1: Mfuatiliaji wa Bajeti, Kisumu

Ndugu Katibu, ningewashauri mwanzie kwenye bajeti, na nitaeleza kwa nini.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake, na kifungu cha 201 kinautaja ushiriki wa umma kuwa mojawapo ya misingi ya fedha za serikali. Hakuna mahali Katiba inapouliza mwananchi huyo anasali wapi. Kwa hiyo hapo hamwombi nafasi kwa mtu yeyote. Ni nafasi yenu tayari, na imekaa wazi, kwa sababu wananchi wengi huja kikaoni kusikiliza hotuba, kuandika jina, nambari ya kitambulisho na simu kwenye karatasi ya mahudhurio, kisha kurudi nyumbani wakiwa hawajafungua hata ukurasa mmoja wa hati inayojadiliwa.

Jueni kalenda. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Watu wengi huamka mwezi Mei, wakati mradi ambao haukuwamo katika mpango wa Septemba umeshapoteza nafasi yake. Kikundi kinachosoma hati mwezi Agosti husikilizwa hata kikiwa cha watu watano.

Mnapoandika waraka wa maoni, uwe ukurasa mmoja. Taja jina la kikundi, taja ukurasa wa hati unaouzungumzia, nukuu kiasi kilichotengwa, halafu sema unataka kibadilishwe nini na kwa sababu gani. Nimeona waraka wa namna hiyo kuhusu tangi la maji la zahanati ukifanya kazi ambayo hotuba za saa nzima hazikuifanya, kwa kuwa ofisa aliyeupokea hakuwa na haja ya kutafuta mnachotaka; kilikuwa pale, na tarakimu zake, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ilibaki mikononi mwa wakazi. Mkinyimwa hati, iko sheria ya kupata habari ya mwaka 2016: mnaandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21.

Kuhusu usajili, someni sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022. Watu kumi wanatosha kuunda kikundi, na kwa shughuli za kiwango cha mtaa hiyo ni njia nyepesi kuliko ya chama. Andikeni malengo yenu kwa ukweli, bila kuficha neno na bila kuchokoza.

Jibu la 2: Muuguzi Mstaafu, Machakos

Namheshimu ndugu wa Kisumu na sina ubishi na kalenda yake, ila mpangilio wake naupinga. Bajeti ni muhimu, lakini si mahali ambapo mtaa humjua mtu. Katika nchi hii mtu hujulikana kwenye matanga. Kama kikundi chenu hakina la kufanya mwanachama anapofiwa, basi hata mkiandika waraka mzuri namna gani mtabaki kuwa wageni wanaojua kusoma hati.

Fikirini yanayotokea hasa. Mwanachama anafariki, naye kwa miaka mingi alisema hataki ibada. Familia haijui la kufanya. Mhubiri anafahamu mpangilio wa siku nzima, kina mama wa kanisa wanajua nani atapika, na mwekahazina wa jumuiya ana daftari la michango tangu usiku wa kwanza. Wahumanisti wanafika wakiwa na huzuni ya kweli na mikono mitupu, wanakaa viti vya nyuma, na mwenzao anazikwa kwa maneno aliyoyakataa alipokuwa hai. Simlaumu mhubiri hata kidogo, kwa maana yeye alikuwepo na alikuwa amejitayarisha.

Kwa hiyo anzeni na kamati ya matanga. Sheria inadai kibali cha mazishi, haidai kasisi. Tayarisheni mwongozaji wa shughuli, mtu mzima mwenye sauti tulivu, anayejua kuisimamia siku kuanzia mochari hadi kaburini: wasifu wa marehemu unaosomwa na mtu aliyemfahamu, nafasi ya watoto na wajukuu kusema neno, nyimbo alizozipenda, muda wa kimya ambao kila mmoja ataujaza kwa namna yake, na udongo. Katika kimya hicho mama mzazi anaweza kusali moyoni bila kuombwa ruhusa na bila kumlazimisha mtu mwingine. Wekeni mfuko mdogo wa kila mwezi kama chama chochote kingefanya, na kila mwanachama aandike matakwa yake na kuyatia sahihi mbele ya ndugu angalau mmoja wa familia, maana ugomvi wa kaburini hutokea pale ambapo marehemu hakuacha neno.

Na msijifungie kwa wenu. Jirani Mkatoliki akifiwa, nendeni mkate kuni, mchote maji, mlale matangani. Wakisali, simameni wanaposimama na vueni kofia. Hakuna atakayewauliza mnaamini nini wakati mmebeba sufuria, na atakayeuliza siku nyingine atauliza kwa sababu anataka kujua. Hapo ndipo mtamjibu kwa ukweli.

Harusi nazo msizisahau: sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ya Kikristo, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Lakini harusi husubiri, msiba hausubiri.

Jibu la 3: Mzaliwa wa Kasese

Nimezaliwa upande wa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na ningependa kuongeza mfano mmoja wa huko. Shule ya msingi ya kihumanisti ya Kasese ilianzishwa mwaka 2011 katika eneo lenye makanisa na misikiti mingi, na watoto wanaosoma pale wanatoka katika nyumba za dini mbalimbali. Mzazi aliyempeleka mtoto wake pale alitafuta mwalimu anayefundisha na darasa ambamo maswali yanaruhusiwa. Alipoyapata, mashaka yake juu ya walioianzisha yalipungua, na hakulazimika kuiacha imani yake.

Nasema hivyo kwa sababu naona nyinyi wa Nakuru mna walimu na wauguzi. Mtu anayefundisha sayansi bila malipo Jumamosi kwenye maktaba ya mtaa ana mengi ya kuupa mtaa kuliko kamati nzima ya watu wanaojadili kama Mungu yupo. Mijadala hiyo ninaipenda na isiachwe, lakini iwe na mahali pake.

Jibu la 4: Mwanakamati wa Mtaa, Mkristo

Naomba kusema kama mtu wa upande wa pili. Mimi ni mshirika wa kanisa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitisha vikao vya wakazi katika wadi yetu. Ndugu Katibu, swali lako la pili linanihusu moja kwa moja, kwa sababu mimi ndiye ninayesema, "Tusimame tuombe."

Siombi ili kumwondoa mtu. Naomba kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, na kwa kuwa kikao bila sala huonekana kwa wazee kama kikao kisicho na adabu. Lakini kikao cha wadi si ibada. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na Katiba hiyohiyo, ambayo utangulizi wake unamtaja Mwenyezi Mungu, inampa kiongozi anayeingia ofisini hiari ya kuapa kwa kumwomba Mungu amsaidie au kuthibitisha kwa dhati bila kumtaja. Hapo pana nafasi kwa wote wawili, mimi na wewe. Kwa hiyo nakushauri usilizushe jambo hili mbele ya umati. Njoo kwa mwenyekiti siku chache kabla, umwambie kwamba kikundi chenu kitahudhuria na kwamba mngependa ufunguzi uwe na sala fupi kisha dakika moja ya kimya kwa ajili ya kila mkazi. Mwislamu na mtu wa mila watafaidika nayo pia. Mimi ningekubali, na nawajua wenyeviti wengine ambao wangekubali. Ukimpinga mtu wakati amefumba macho, umeupoteza mtaa mzima kwa mwaka.

Nina ombi pia, na nalisema kwa moyo mzito. Baada ya miili zaidi ya 400, inayohusishwa na dhehebu ambalo wafuasi wake walifunga hadi kufa, kufukuliwa msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, niliwasikia baadhi ya watu wasio na dini wakizungumza kana kwamba vifo vile vimewapa ushindi katika mjadala. Sisi waumini tulilia, na watoto wale walikuwa wetu. Kama mnataka kufanya kazi nasi, kazi ipo hapo: mtoto akitoweka shuleni, nani anamfuata nyumbani? Jirani akikataa kumpeleka mgonjwa hospitalini kwa sababu za imani, nani anazungumza naye kabla hatujamwita chifu? Kwa mambo kama hayo ningependa sana kuwa na muuguzi asiye na dini kwenye kamati yangu, kwa kuwa hataogopa kumkosoa mchungaji, na mimi nitakuwepo kuhakikisha kwamba mchungaji mwema hasingiziwi.

Katibu wa Nakuru anajibu

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee mwanakamati aliyeandika mwisho, ambaye hakuwa na deni lolote kwetu na bado amejibu kwa ukarimu.

Nimeyasoma majibu haya mbele ya kikundi. Hoja ya mama wa Machakos ndiyo iliyotugusa zaidi, kwa sababu wazee wetu walikiri kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeandika matakwa yake. Tumekubaliana kuunda kamati ya matanga na mfuko wake, na wauguzi wetu wawili wamejitolea kuandaa fomu ambayo mwanachama ataijaza akiwa pamoja na ndugu yake. Suala la jina tumelimaliza pia: tutajisajili kama kikundi cha kijamii, na lengo la kwanza katika katiba yetu litasema wazi kwamba sisi ni wahumanisti tusiofuata dini na kwamba tutashirikiana na wakazi wa imani zote. Mwanachama ambaye familia yake ingemtesa kwa kujulikana hatalazimishwa kutia sahihi hadharani, na orodha itakaa kwa mwekahazina.

Bajeti hatutaiacha, ila tutaanza na jambo moja tu: ukusanyaji wa taka katika wadi yetu, ambalo kila mkazi analinung'unikia. Vijana wanne wamechukua jukumu la kupata mpango wa mwaka uliopita na kulinganisha kilichoahidiwa na kilichofanyika. Nitakwenda kumwona mwenyekiti wa kikao wiki ijayo kuhusu dakika ya kimya. Rasimu ya waraka ikiwa tayari nitaiweka hapa kabla hatujaiwasilisha, na ningeomba ndugu wa Kisumu aikague, hasa tarakimu zake.