Mjadala: Bima ilipie kipimo cha jeni kwa saratani ya tezi ya shingo?

Kijana wa Mafinga: Kamwene ndugu zangu. Saratani ya tezi ya shingo wengi hupona kwa upasuaji, wengine wakaongezewa madini joto yenye mionzi kule hospitali ya saratani ya Ocean Road. Nawasemea wale wachache ambao seli zao zimekataa kunyonya madini hayo na ugonjwa umefika mapafuni. Kwa baadhi yao kinachoiendesha saratani ni jeni mbili zilizokatika zikaungana vibaya, RET au NTRK ikiwa mojawapo. Dawa za kuzizima zipo: Marekani waliruhusu larotrectinib (ya NTRK) 2018, selpercatinib (ya RET) 2020. Bima ya afya kwa wote iwalipie hao kipimo. Mnasemaje?

Nguzo ya Mwanjelwa: Zahanati ya kwetu haina hata panadol, wewe unataka vidonge vya Marekani! Halafu shingo za huku zinaeleweka. Watu wanang'ang'ania chumvi ya Ivuna isiyo na madini joto, wakivimba wanasingizia jeni. Na jeni ni mambo ya ukoo, kila mtu abebe ya kwao.

Mwana Ivuna: Ivuna imekukosea nini? Chumvi ile imechemshwa tangu kabla ya Mjerumani kufika, na ndiyo iliyonisomesha. Omba radhi.

Nesi Uyole: Kaka wa Mwanjelwa, rovu si saratani. Upungufu wa madini joto huvimbisha tezi, ndiyo maana nyanda hizi tuligawiwa vile vidonge vya mafuta yenye madini joto miaka ya 80. Tena penye upungufu huonekana zaidi saratani aina ya folikula, wakati RET iliyoungana hukutwa kwenye aina ya papilari. Chumvi haihusiki hapo.

Mwana Ivuna: Umesikia?

Nguzo ya Mwanjelwa: Nimesikia kwamba chumvi isiyo na madini joto inaleta rovu. Sifuti neno.

Mama wa Tukuyu: Mimi limenichoma hilo la ukoo. Binti yangu alipasuliwa shingo akiwa kidato cha pili, mawifi wakaanza kuuliza kwetu kuna nini. Muungano huo haurithiwi! Unatokea ndani ya seli ya tezi, mtu akiwa tayari amezaliwa. Watoto wa kule Chernobyl, baada ya mtambo wa nyuklia kulipuka 1986 na kumwaga mionzi, wengi walikutwa na RET iliyoungana. Nao koo zao zina laana?

Nguzo ya Mwanjelwa: Pole mama. Lakini kuna RET ya kurithi, wanapima familia nzima. Nimesoma.

Nesi Uyole: Hiyo ni aina nyingine ya saratani ya tezi, ya medula, na kama robo yake ndiyo ya kurithi. Pale RET ina kasoro ndani yake yenyewe, haijaungana na jeni nyingine. Usimchanganye mama wa watu.

Mwalimu Mstaafu Njombe: RET iko kromosomu ya 10. Ikikatika, kipande chake cha kutoa amri huungana na jeni kama CCDC6, ambayo kwenye tezi iko macho muda wote, basi seli inaamriwa kugawanyika bila kukoma. Selpercatinib huziba pale amri inapotoka. Katika jaribio la dawa hiyo, kati ya wagonjwa 19 waliokwisha kutibiwa kwa njia nyingine, 15 uvimbe ulisinyaa vizuri. Ila 19 ni wachache, na baadaye seli nyingine hubadilika zikaishinda dawa. Fedha za kupima saratani ya mlango wa kizazi nisingezigusa kwa ajili ya hili.

Kijana wa Mafinga: Shikamoo mwalimu. Sijasema ziguswe. Nimeomba kipimo tu, kwa aliyeshindwa na mionzi. Bila jibu la kipimo hata msaada wa dawa hutajua uombe upi.

Mama wa Tukuyu: Kijana, binti yangu apasuliwe tena ndipo apimwe?

Nesi Uyole: Hapana mama. Kinyama cha upasuaji hutunzwa kwenye nta. Nenda maabara ya patholojia na namba ya jalada lake, ulizia kama bado kipo.

Mwana Ivuna: Na wa Mwanjelwa bado hajaomba radhi.

Nguzo ya Mwanjelwa: Ya chumvi, siombi. Ya ukoo, mama anisamehe.