Mjadala: Beti za kale za taarab ziguswe au ziachwe?

MpigaUdi: Wapenzi wa taarab asilia, nimeisikiliza albamu mpya ya vijana wa Mji Mkongwe. Nyimbo kumi: sita wametunga wenyewe, nne ni za enzi za Siti binti Saad. Ganuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, na fidla zimekaa pahala pake. Ila hizo nne wamezikata beti wakatia zao, na jaladani wamejiandika watunzi wa zote kumi. Mwasemaje?

BintiMalindi: Sioni kosa. Siti alitoka Fumba akiuza vyungu, akaichukua taarab iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili. 1928 akenda Bombay kurekodi santuri. Bi Kidude naye alizipokea nyimbo za Siti akaziimba atakavyo mpaka alipofariki 2013. Nani alimkataza? Unguja ndiyo mama wa taarab, wengine mmeiga tu.

MvitaDamu: Tumeiga? Sisi wa Mombasa na Lamu? Lamu watu walikuwa wakighani na kuimba mashairi kabla huyo Sultani wenu hajajua ganuni ni nini. Rudisha neno lako, dada.

Shangani1: Sirudishi kwa niaba yake. Sultani wetu Sayyid Barghash alimpeleka mtu Misri kujifunza ganuni, na kikundi chetu cha taarab, Ikhwani Safaa, kikaanzishwa 1907. Nyinyi Mombasa mna kikundi cha umri huo?

BabuKisauni: 1905, si 1907. Ukitaka kujivunia tarehe ijue kwanza.

Shangani1: Sawa, 1905. Umeniongezea miaka miwili, ahsante mzee.

MpigaUdi: Jamani, nimeuliza juu ya beti na majina ya watunzi.

MvitaDamu: Nitakujibu, lakini huyo dada nimemsikia. Marehemu Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu, aliimba tungo za kale na pia za mshairi Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany. Kale na mpya, mkono mmoja wa udi. Huko ndiko kuiga?

BintiMalindi: Zein namheshimu, hata mamangu alikuwa na kanda zake. Nilichosema ni kwamba taarab ya kikundi kizima, yenye fidla na ganuni, ilianzia kwetu. Wewe umesikia tusi lisilokuwepo.

MvitaDamu: "Mmeiga tu." Maneno yako hayo, yako hapo juu.

Kikoi_Buluu: Mie sikutaka kuingia, lakini hili la majina limenichoma. Marehemu babu yangu aliandikia kikundi kimoja mashairi kwa miaka mingi. Hakulipwa, na hakutaka kulipwa. Usiku wa harusi alikaa nyuma, akisikia watu wanaitikia beti zake na mwimbaji anatunzwa noti mpaka mikono inajaa, anafurahi. Baadaye zikatoka kanda. Jina la mwimbaji lipo, la kikundi lipo, lake halipo. Tukimuuliza anasema wimbo ni wa wote. Bibi hakukubali hata siku moja. Basi hao vijana wakiandika "watunzi ni sisi" juu ya wimbo wa zamani, huenda wanafuta babu wa mtu.

BabuKisauni: Mungu amrehemu. Mwandike jina lake popote mnapoweza, mjukuu wangu.

BintiMalindi: Pole sana. Hapo kwenye majina nakubali, waandike "wimbo wa kale" kama mtunzi hajulikani. Lakini beti waongeze, mashairi hayajaandikwa kwenye jiwe.

Shangani1: Waongeze, ila wasikate. Hao wamekata ubeti wenye fumbo lenyewe wakabakisha kiitikio. Fumbo likitoka, taarab inabaki ngoma ya kuchezea tu.

MvitaDamu: Kwa hilo la fumbo niko na Shangani1. Kwa hilo la "mmeiga" bado nangoja.

MpigaUdi: Kikoi_Buluu, hizo kanda za babu mnazo bado? Dukani kwangu nina mashine ya kuzihamisha. Nizileteeni, bure.