Mfalme wa kanchi ketu anaenda kyeyo (vibarua vya nje) na katiba haisemi nani anamrithi, tufanyeje?

kijana_wa_Bweyo
Habari zenu wadau. Sisi ni marafiki tu, wengi tuko Kampala, wengine Mbale na Arua, kipindi kile cha lockdown tulikaa bila kazi tukaanzisha kanchi ketu ka mtandaoni, kana bendera, kana bunge (grupu ya WhatsApp), na ardhi yetu ni kashamba ka maembe ka nyumbani kwa mfalme. Msicheke kwanza, tuko raia kama 40 hivi na watu wanalichukulia siriasi, ata michango ya ikulu tunachangisha. Sasa mfalme kapata visa ya Qatar anaenda kyeyo, na ametangaza kiti anamwachia mdogo wake ambaye bado yuko S3 (kidato cha tatu). Katiba tuliiokota mtandaoni tukabadilisha majina tu, inasema mfalme akiondoka mrithi wake anachukua, basi, mrithi anapatikana vipi na nani anamthibitisha hakuna. Nusu wako na kijana, nusu wanataka kura, alafu Katikiro wetu (waziri mkuu) yeye anasukuma tufute ufalme tuwe jamhuri, nadhani ameshajiona rais. Na kuna kipengele kingine kibaya zaidi, katiba haibadiliki bila sahihi ya mfalme, na huyu bwana anakataa kusaini kitu chochote chenye habari ya kura. Wenye uzoefu nisaidieni kabla hajapanda ndege.

Bujagali_damu
Ssebo, kama ni uzoefu wa kugombania kiti njoo kwetu Busoga. Watu wa nje wanadhani ufalme wote ni baba kwa mtoto, Kyabazinga, yaani mfalme wetu, si hivo, kuna machifu 11 wa kurithi ndo wanaketi kuchagua, na anayechaguliwa anatoka kwenye zile himaya tano za Babiito (ukoo wa kifalme). Mfumo uko tangu 1939 alipowekwa Ezekiel Tenywa Wako, na kwenye karatasi ni mzuri sana. Lakini Henry Wako Muloki alipofariki 2008 si mliona? Upande mmoja unasema Wambuzi ameshachaguliwa, mwingine unasema kikao chenyewe hakikuwa halali sisi tuko na Gabula Nadiope, mambo yakaenda kortini, vikao juu ya vikao, mpaka 2014 ndo Gabula akatawazwa. Miaka sita bana, na kura ilikuwepo! Ndo maana hayo maneno ya kura au urithi mimi naona mnamaliza bando bure. Nani akisema "kikao kilikuwa halali" wote mnanyamaza? Huyo mtu kama hayuko kwenye katiba yenu mtagombana tu, ata mkimchagua malaika.

Mzee_wa_Kofia
Mimi nasema mpeni mtoto kiti chake. Kama raia wote ndo wanampigia kura, huyo mfalme anatofautiana vipi na LC1, mwenyekiti wa kijiji? Mfalme Oyo wa Tooro, hapa hapa Uganda, alishika kiti 1995 akiwa na miaka mitatu, akawekewa walezi wa kumsaidia mpaka akakua, leo yuko. Sasa huyo wenu yuko S3, ni mzee kabisa huyo 😂. Na ata hizo nchi za mchezo za wazungu, ile ya kwenye mnara wa baharini karibu na Uingereza, Sealand, Roy Bates alianzisha 1967, alipofariki 2012 mtoto wake Michael akachukua hakuna aliyepiga kelele. Urithi unawaokoa na kampeni, na kampeni kwenye WhatsApp nyie mnazijua, wiki nzima ni stika na voisi za dakika nane.

kijana_wa_Bweyo
Mzee, Sealand ni familia moja pale, nani angepiga kelele? Sisi huku kila mtu ana mdomo wake.

Nalule_wa_Katiba
Mzee wangu nakuheshimu lakini hapo umechagua mfano uliokupendeza. Kuna Hutt River ya Australia, Leonard Casley alijitenga 1970 sababu ya kugombana na serikali juu ya ngano, 2017 akamwachia mtoto wake Graeme vizuri kabisa, na 2020 nchi ikafungwa sababu ya deni la kodi. Urithi ulikwenda sawa, nchi ikafa. Alafu kuna Seborga kule Italia, kijiji cha watu kama 300, walimchagua mkulima wa maua Giorgio Carbone kuwa mkuu wao 1963 akakaa mpaka alipofariki 2009. Baadaye wakawa wanachagua kwa kipindi cha miaka saba. Uchaguzi wa 2019 binti wa Carbone mwenyewe alisimama, na akashindwa na Nina Menegatto. Yaani damu ya mwanzilishi ilipita kwenye sanduku la kura ikakosa, na kijiji kikaendelea na maisha yake. Kwa hio ufalme wa kuchagua si ujinga, ata Malaysia watawala tisa wa kurithi wanachagua mmoja wao kuwa mfalme kila miaka mitano, na Malaysia si mchezo.

Sasa kwako kijana wa Bweyo. Kesi inayofanana na yenu ni Talossa ya Marekani. Ilianzishwa 1979 na kijana wa miaka 14, Robert Ben Madison, ndani ya chumba chake cha kulala kule Milwaukee, na nyie mnajiona wa kwanza. 2004 kundi la raia walichoka naye wakajitenga wakaita yao jamhuri, mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaachia, kiti kikaenda kwa mtoto mdogo wa kwenye familia yake. Haikudumu, 2007 waliobaki wakachagua mfalme mwingine kwa kura, na ile jamhuri ikarudi kuungana nao 2012. Mwonyeshe mfalme wenu hio. Hamhitaji kumpindua, mwambieni tu mkishindwana nusu ya raia wanafungua grupu nyingine usiku mmoja na yeye anabaki mfalme wa maembe.

Kuhusu sahihi, ufalme unaotaka kudumu huwa hauachi veto (haki ya kuzuia) bila mwisho. Wekeni hivi: bunge likipitisha mara mbili kwa theluthi mbili, na kati ya hizo mara mbili kuwe na mwezi wa watu kupoa, inakuwa sheria ata asiposaini. Hio anaweza kuikubali sababu haimvui kitu leo.

Na tafadhali hayo mambo ya "michango ya ikulu" niliyoona huko nyuma mlikuwa mnachangisha, acheni. Katiba ya Uganda ya 1995 kifungu cha 246 inasema hakuna mtu analazimishwa kuchangia gharama za kiongozi wa jadi, na hao ni wafalme wa kweli. Sasa nyie mnamlazimisha nani? Alafu msiende kwa watu kijijini mnajitangaza kama utawala wa jadi, hapo utani unaisha, kuna sheria ya 2011 ya viongozi hao.

Mzee_wa_Kofia
Binti umesoma, hapo nimekubali kidogo. Lakini ata urithi una kanuni. Buganda mtoto wa kiume wa kwanza, Kiwewa, hashiki kiti, kwa hio si kwamba baba anaamka asubuhi anataja jina. Huyo wa Qatar anataja jina tu kama anaacha funguo za nyumba.

Bujagali_damu
Ehee! Sasa tunaongea lugha moja.

kijana_wa_Bweyo
Asanteni sana, nimeongea naye leo kwa simu, hio ya Talossa imemgusa (alikasirika kwanza, alafu akauliza maswali mengi). Amekubali kusaini kimoja tu kabla ya safari, tumeandika hivi: "Kiti kikiwa wazi, familia ya mfalme inataja jina moja na bunge jina moja. Raia wote wanapiga kura ndani ya siku 14. Msuluhishi, aliyechaguliwa kabla kiti hakijawa wazi na ambaye hawezi kugombea, anatangaza matokeo na neno lake ni la mwisho. Mpaka hapo mlezi anashika." Mlezi kwa sasa ni Katikiro, hakuna mwingine mwenye muda.

Nalule_wa_Katiba
Nzuri, ila mlezi asiwe Katikiro! Si umesema anataka kufuta ufalme? Atazivuta hizo siku 14 mpaka Krismasi. Na wakitoka sawa kwa sawa, 20 kwa 20?

Bujagali_damu
Na msuluhishi akienda kyeyo naye?