Mama anabwia ugoro, ndani ya mdomo wa chini pameota weupe

Kijana wa Kondoa
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61 na anabwia ugoro tangu sijazaliwa. Kikopo hukaa kwenye pindo la khanga. Akimaliza kula hugonga kifuniko kwa ukucha, anachota kwa vidole viwili, anaupachika kati ya mdomo wa chini na ufizi. Juzi nilimwomba auvute mdomo nione. Pale pale ugoro unapokaa nyama imekuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vilivyoloa maji ya kufulia, na meno mawili ya mbele mizizi iko nje. Anasema hapaumi, tena ugoro ndio unaomtuliza jino. Ni kansa hii? Na nimwambieje nisimkosee adabu?

Baba Rehema
Pole sana. Mhamishie kwenye tambuu taratibu, angalau ni kitu cha asili.

Muuguzi Mstaafu
Baba Rehema, samahani, hapo hapana. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani. Tena hukaza nyama za mashavu hadi mtu anashindwa kupanua kinywa. Tusimtoe mama shimoni tukamtia kisimani.

Mwanangu wa Kondoa, nimefanya kazi chumba cha meno miaka mingi. Kwa maelezo tu hakuna wa kukuambia ni kansa au siyo. Weupe wa namna hiyo mara nyingi bado si saratani, na kwa wengi hufifia wiki chache baada ya kuacha. Lakini ugoro unasababisha saratani ya kinywa, hilo halina ubishi, kwa hiyo aonwe na daktari wa meno mwezi huu. Akiwa na shaka atakata kinyama kidogo kikapimwe. Ukiona wekundu, kitu kigumu ukigusa kwa kidole, au kidonda kilichopita wiki mbili hakijapona, usingoje hata hiyo siku ya miadi.

Hilo la "hapaumi" ndilo linaloniumiza mimi. Nilimpokea mzee mmoja mwenye kidonda mdomoni, amekaa nacho tangu mavuno hadi mavuno kwa sababu hakikumuuma. Saratani ya kinywa ikianza huwa kimya.

Muulize pia kama ugoro wake una magadi. Magadi huifanya nikotini iingie mwilini haraka zaidi, ndiyo maana kuacha kunakuwa kugumu. Mtu asimwone akadhani ni mkaidi. Na ufizi uliokwisha kushuka haurudi wenyewe, ila akiacha hautaendelea kuliwa pale.

Mwana wa Kampala
Huku Uganda sheria ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku tumbaku isiyo ya moshi. Kuhusu adabu: shangazi yangu alikubali aliposindikizwa na dada yake, siyo na sisi watoto.

Kijana wa Kondoa
Asanteni. Nimempigia mama mdogo. Magadi yamo, anayasaga mwenyewe. Mama amekubali kwenda Jumatatu na mdogo wake, ila kikopo anaenda nacho. Nimemwambia sawa mama, nenda nacho, daktari akione na chenyewe.